Dawa ya Mboga

"Kipanga, chumvi imevuka mto."

Sauti ilitoka katika redio ya Motorola iliyofichwa ndani ya mkoba wa kompyuta. Ilikuwa sauti kavu, ya mtu asiyepoteza pumzi.

Nyanchoka hakugeuza shingo. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya kaunta ya duka la Filister, mjini Migori, akiunganisha nyaya za kompyuta ya dukani, Toshiba, na betri ya gari. Filister mwenyewe alikuwa nje, akigombana na mwenye mkokoteni.

Kwa wenye maduka wa Migori na Homa Bay, Nyanchoka alikuwa binti mtaalamu aliyetoka Nairobi kuwaundia programu ya kutunza hesabu ya bidhaa. Kwa watu wachache mno alikuwa Kipanga, jasusi wa serikali.

Yote mawili yalikuwa kweli. Programu aliiunda kwa mikono yake. Bastola ya Browning ilikuwa kiunoni.

"Mnara, nakupata. Chumvi gani?"

"Si chumvi. Ni sumu," akajibu Gichana, mkuu wake. "Unga mweupe wa kuulia wadudu, umetiwa katika mifuko ya chumvi. Umepita Isebania jana. Umo katika mojawapo ya maduka unayoyahudumia, lipi hatujui. Kesho alfajiri utapelekwa Sori, uuzwe kwa wanawake wanaokausha mbuta kwa chumvi."

"Kwa faida ya nani?"

"Wageni wenye mifuko mirefu. Watu wakifa kwa samaki wa ziwa hili, wanunuzi wa ng'ambo watafunga milango, na viwanda vya samaki vitauzwa kwa bei ya kuni. Wao watakuwa wamesimama hapo, wanangoja. Tukivamia duka moja, mengine yatasikia, na mzigo utatoweka. Nitafutie duka lenyewe, Kipanga. Ukikosea, hakuna mara ya pili."

Redio ikanyamaza.

Ng'ambo ya barabara, Peugeot 504 nyeupe ilikuwa imeegeshwa. Vioo vyake vilipandishwa, na hali jua lilikuwa linachoma.

Iliegeshwa hapo jana pia.

Filister aliingia akipangusa jasho kwa leso. "Haya, nyathina, mwanangu, mashine yako imeacha kizungu ama bado inaongea kama DO?"

"Imeacha. Tazama."

Filister akatazama. Miezi mitatu nyuma, skrini ile ilijaa maneno ya chuoni, na Filister aliisukuma kando kama sahani ya chakula kilichochacha. Nyanchoka akafunzwa adabu. Akaketi madukani, akasikiliza. Akafuta maneno, akachora gunia, mkebe na chupa. Akabandika karatasi ya kijani kwenye kitufe cha bidhaa zinazoingia, na nyekundu kwenye kitufe cha zinazotoka. Kilichokaribia kwisha sasa kilimetameta chenyewe.

"Sukari, hii. Kiberiti, hii," Filister akasoma, kidole kikitembea. "Na lile neno nilikuambia? Sitaki mashine initajie chumvi jioni dukani kwangu; ni mwiko, baraka zinatoka. Unataka niamke nikute nyumba ni tupu?"

"Nimelitengeneza. Jua likizama, mashine yenyewe haiitaji tena. Itaandika *dawa ya mboga*."

Filister akaangua kicheko, akalirudia kwa Kijaluo. "*Yadh alot!* Sasa hiyo ni mashine ya kwetu. Mtu wa kutaja ile kitu jioni, huyo jua tu ametoka mbali." Kisha uso ukatulia. "Mama yangu Orpah ako Sori. Mbuta imejaa kwenye kitanda cha kukaushia na dawa yenyewe imemwishia. Anangoja soko la kesho."

Neno lilimpanda Nyanchoka hadi ulimini. Akalimeza. Siri ikitoka katika duka moja, haikawii kufika katika yote.

"Ataipata tu, Filister," akasema.

Ulimi ulimwuma kama ameumwagia pilipili.

Alikuwa amekwisha kuwasha Suzuki yake maneno ya Filister yaliporudi kumgonga. Dawa ya mboga. Kwa mtu wa huku, jioni, ni kitoweleo cha mchuzi. Kwa mgeni aliyeficha sumu ya wadudu, je? Ile si ndiyo dawa inayonyunyiziwa sukuma shambani?

Neno moja, milango miwili.

Hakuwa na haja ya kufungua mifuko. Mifuko yote ilifanana kama mayai ya kuku mmoja. Angefungua nyuso.

Akaitoa mkobani disketi ya toleo hilo jipya. Katika kila duka angeisogeza mbele saa ya ndani ya mashine, ili magharibi iwahi kufika.

Peugeot ilimfuata hadi Awendo. Haikukaribia, haikupotea. Ilining'inia katika kioo chake kama fisi anayemngoja mgonjwa afe. Karibu na kiwanda cha sukari, malori ya miwa yalikuwa yamepanga foleni. Nyanchoka akaiingiza Suzuki katikati ya mawili, miwa ikakwaruza milango, akatokea upande wa pili. Nyuma yake, lori likaziba pengo.

Duka la Monari, Awendo. Disketi ikaingia. Skrini ikabadilika.

Monari, Mkisii mnene aliyependa mzaha, akasoma kwa sauti. "*Dawa ya mboga.* Ala! Hii mashine imeswali magharibi mapema kuliko Waislamu!" Akacheka hadi tumbo likagonga kaunta.

Si huyu.

Kisha duka la mji wa Rodi Kopany. Mwenye duka alisoma, akasonya. "Jua bado liko juu! Hata nyanya yangu hangekosea hivyo. Nani alikufunza?"

Si huyu.

Jua lilikuwa limeinama magharibi Nyanchoka alipoingia Homa Bay. Ziwa lilikuwa na rangi ya damu iliyoganda. Mbele ya duka la jumla lililo karibu na gati, Peugeot nyeupe ilikuwa imekwisha kufika.

Injini yake ilikuwa bado ina joto.

Akaukaza mkanda. Akaigusa saa yake ya Casio: kitufe chake cha pembeni kilipeleka ishara kwa redio iliyo mkobani, nayo kwa askari wa Gichana waliokuwa tayari mjini. Mara moja: subirini. Mara mbili: njooni.

Akabonyeza mara moja, akaingia.

Mwenye duka alijiita Mniko, akidai ni Mkurya wa Isebania. Alikuwa mpole, nadhifu, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama rula. Tangu afungue duka, hakuna aliyemsikia akikosea neno wala akitania mtu, na kila siku alifunga kabla ya jua kuzama.

"Karibu, bibie. Umeniletea nini leo?"

"Toleo jipya. Ni rahisi zaidi."

"Urahisi ni baraka."

Taa moja iliwaka juu ya kaunta, ikila betri ileile iliyolisha kompyuta. Nyanchoka akaiingiza disketi. Hapakuwa na haja ya kudanganya saa. Nje jua lilikuwa linatumbukia. Printa ya Epson ikakohoa. Skrini ikapepesa.

Picha ya gunia. Chini yake: *DAWA YA MBOGA. IPO TELE.*

Mniko akasoma.

Hakucheka.

Rangi ilimtoka usoni kama maji yanavyotoka katika debe lililotobolewa. Macho yake yakaruka, kufumba na kufumbua, hadi pembeni, nyuma ya kreti za soda. Yakarudi. Yalikuwa macho mengine.

"Nani," akauliza polepole, "ameandika hivi?"

"Mashine."

"Mashine haijui kilichomo ghalani mwangu."

"Kwani kimo nini?"

Kisha kandambili zikasikika mlangoni. Mama mmoja aliingia, bakuli mkononi, haraka haraka, kama aliyetoka jikoni.

"Mniko, salama? Mimi Marcella wa hapa nyuma. Nipe dawa ya mboga, sufuria iko motoni."

Mniko akageuka kama aliyechomwa mwiba. "Haiuzwi hapa! Hiyo ni ya Sori!"

Maneno yakabaki hewani. Hakuna aliyeweza kuyarudisha.

Marcella akaduwaa. "Ya Sori? Kwani sisi wa Homa Bay tunakula nini, mchanga?"

Kidole cha Nyanchoka kilikuwa kimekwisha kuibonyeza Casio. Mara mbili.

Mkono wa Mniko ukazama chini ya kaunta. Wakati huohuo dereva wa Peugeot akauziba mlango, bastola mkononi.

"Lala chini, mama!"

Nyanchoka akang'oa waya wa betri.

Taa ikafa. Skrini ikafa. Duka likamezwa na giza la jioni.

Risasi ya kwanza ilipasua chupa za soda. Nyanchoka alikuwa hayupo tena pale ilipolengwa. Akaifuata harufu ya moshi, akaivurumisha Epson kwa mikono miwili. Mfupa ulilia, dereva akaanguka na rafu ya sabuni juu yake. Mniko akaruka kaunta kuelekea mlango wa nyuma. Akakuta kitu baridi kimemgusa nyuma ya sikio.

Browning.

"Umejifunza lugha yote," Nyanchoka akamnong'oneza. "Ukasahau kukaa jikoni."

"Mtaniua nyinyi au wataniua wao," akasema Mniko. Sauti yake ilikuwa imebadilika; haikuwa ya Isebania wala ya popote karibu. "Wapo wengine. Huwezi kuwamaliza wote."

"Leo wamepungua."

Nje, Land Rover zilifunga breki. Buti zikaingia, kurunzi zikamulika. Mifuko ikavutwa kutoka nyuma ya kreti. Kwa nje ni chumvi halisi, lakini ilipopasuliwa ilitoa harufu iliyowafanya askari wazibe pua. Mniko akapandishwa garini bila kutazama nyuma.

Redio ikakoroma mkobani. "Kipanga, Mnara. Hali?"

"Mzigo wote umepatikana, Mnara. Sori italala salama."

"Ulimtambuaje?"

"Hakucheka."

Akafunga redio. Akaikunja Toshiba ya duka, akaitia disketi mfukoni. Sori ilikuwa mbali kidogo. Angewahi kumkuta Orpah penye kitanda cha kukaushia samaki kabla ya soko, kisha arudi Migori amtazame Filister machoni.

Marcella alikuwa bado amesimama katikati ya vigae vya chupa, bakuli limekumbatiwa kifuani. Hakuwa ameondoka.

"Sasa, binti," akasema, "na dawa yangu ya mboga?"

Nyanchoka akaitazama rafu. Akautazama mfuko mmoja mdogo, mweupe, ambao kwa macho huwezi kujua ni chumvi au sumu. Akairudisha Browning kiunoni.

"Leo, mama, kula mchuzi chapwa."

Akatoka, akaingia gizani bila kuharakisha.