Kitanda cha Mzee Oketcho

Abbo alipika uji wa mtama, akauweka mlangoni mwa chumba cha baba mkwe wake. Hakuingia. Kwao Nagongera, mkamwana haingii chumba anacholala baba mkwe. Hakuwahi kuingia tangu aolewe.

"Baba, uji uko hapa," aliita.

"Nauona," Mzee Oketcho alijibu kutoka kitandani. "Nao unaniona. Nani atatusogeza?"

Kisha akaguna kwa maumivu. Alikuwa na saratani ya tezi dume, nayo ilikuwa imefika kwenye mifupa ya mgongo. Daktari alisema haitapona. Mzee aliomba arudishwe nyumbani, afie kwake. Akapewa mofini, dawa ya maji ya kutuliza maumivu.

Mkewe alikuwa ameshafariki. Mwanawe Othieno, mume wa Abbo, alibeba mizigo mpakani Busia. Othieno alimnywesha baba yake dawa alfajiri, akaenda kazini, akamnywesha tena jioni. Mchana kutwa Mzee aliuma shuka.

Siku hiyo Othieno hakwenda kazini.

"Nimepata gari," alimwambia mkewe. "Kesho tunamrudisha hospitali. Dawa hii imeshindwa."

"Baba hataki hospitali."

"Kwa hiyo nikae tu namsikiliza akilia?"

Abbo alirudi jikoni.

Kabla ya adhuhuri pikipiki ilisimama uani. Alikuwa Sista Justine, muuguzi anayewatembelea wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Kazi yake huitwa tiba shufaa: kutuliza maumivu na kumtunza mtu vizuri hadi mwisho wake. Yeye na wenzake walikuwa pia wakifanya utafiti. Walitaka kujua kwa nini wagonjwa wengine wana dawa nyumbani na bado wanateseka.

Alimsalimia Mzee, kisha akainua chupa kwenye mwanga.

"Mbona bado ni nyingi hivi? Mchana nani humpa?"

"Mimi huwa kazini," Othieno alisema. "Na dawa yenyewe imeshindwa." Abbo akasema kutoka nje, "Sista, mchana niko mimi peke yangu. Na mimi ni mkamwana."

"Nimeelewa. Hata kwetu Wasamia ni hivyo." Justine aliweka chupa chini. "Basi dawa haijashindwa. Haijanywewa inavyotakiwa. Mofini hii hutuliza kwa muda wa saa nne hivi, halafu nguvu yake inakwisha. Anywe kila baada ya saa nne, hata kama haumwi wakati huo. Msingoje maumivu yarudi. Kipimo cha kulala nitawaonyesha, ili apumzike hadi asubuhi."

"Watu wanasema dawa hii inamaliza mtu," Othieno alisema.

"Kwa kipimo tulichoandika, haimuui. Siku za mwanzo atasinzia. Itamfunga choo, kwa hiyo anywe na hii ya kulainisha. Msimwongezee wenyewe. Akizidi kuumwa, nipigieni. Akilala sana mpaka kumwamsha ni shida, msimpe nyingine, nipigieni hapo hapo."

"Sawa," Othieno alisema. "Lakini mlango bado uko palepale, na Abbo hauvuki."

"Kwani Abbo haingii sebuleni?"

"Anaingia. Ndiko tunakolia chakula."

"Basi mhamisheni mgonjwa."

Mzee alikuwa akisikiliza. "Mimi nilale sebuleni na kuku?"

"Kuku tutawahamishia jikoni, Baba," Abbo alisema.

"Na jogoo?"

"Huyo tutamla."

"Ngojeni kwanza nipate nguvu ya kumtafuna." Mzee alivuta pumzi. "Sebule ni ya wote. Chumba changu kifungwe. Kuniosha ni kazi ya Othieno. Dawa na uji, mkamwana alete. Hapo hakuna mwiko uliovunjwa."

Othieno na jirani yao Ofwono walibeba kitanda. Justine alimwonyesha Abbo jinsi ya kuvuta dawa kwa bomba lisilo na sindano, hadi kwenye alama, na kuitia polepole pembeni mwa shavu. Mara ya kwanza mkono wa Abbo ulitetemeka.

"Mbona unatetemeka?" Mzee alimtania. "Mimi ndiye mgonjwa."

Siku chache baadaye Mzee aliweza kuketi akiegemea mito. Alikula. Alibishana na Ofwono kuhusu bei ya mihogo hadi Ofwono akaaga kwa hasira, kesho yake akarudi. Othieno alikuwa amemwambia mwenye gari asije. Alirejea kazini, na mchana Abbo alitoa dawa kwa saa zake.

Mzee alifariki mwezi uliofuata, Jumapili mchana, akiwa usingizini. Othieno alikuwa amemshika mkono. Abbo alikuwa karibu naye.

Baada ya mazishi Ofwono alimvuta Abbo kando.

"Mama yangu anaumwa kama alivyoumwa Mzee, na dawa anayo. Lakini Mzee, tangu siku ile, sikumsikia akilia tena. Mlimpa dawa gani?"

"Ile ile ya mwanzo," Abbo alisema. "Mama yako analala wapi, na mchana nani huingia kumpa?"