Karatasi Tatu za Toba

Katika miaka ile ya mwisho ya enzi ya Han, ukuu wa wilaya uliuzwa Luoyang, mji mkuu wa mfalme, kama mbuzi mnadani, na kila aliyeununua alikuja kujilipa migongoni mwa wakulima. Mto Manjano ulifurika, tauni ikafuata mafuriko, na nyuma ya tauni, bila hata chembe ya haya, wakaja watoza kodi. Mnyonge hana haki, walisema wazee wa nchi ile.

Wei Sang, mjane mfuga viwavi wa hariri, alizika watoto wawili mwaka huo. Homa ilipomshika na yeye, mdogo wake Wei Lu alimbeba mgongoni hadi kwa Gao Zhen, mganga aliyetibu maskini bila kudai chochote.

Tiba yake ilikuwa na utaratibu. Mgonjwa alipiga magoti akaungama makosa yake yote, na mganga akayaandika pamoja na jina katika karatasi tatu. Moja ilichomwa ili mbingu isome, moja ikazamishwa mtoni, na ya tatu ikatiwa mtungini na kuzikwa. Ndipo mgonjwa alipokunywa maji yenye majivu ya hirizi.

"Tumeficha mbegu za mtama chini ya jiko, mimi na Lu," Sang aliungama, uso ameuinamisha. "Mtoza kodi alipotaka kufukua, Lu alimpiga kwa nyuma kwa mpini wa jembe, na mpaka leo hajui ni nani aliyempiga."

Sang akapona. Kwa miaka miwili akatia vitambaa rangi ya manjano, maana waliopona kwa Gao Zhen walikuwa maelfu, nao walikwisha kupatana siku ya kuvifunga vichwani na kuwainukia watawala wote pamoja.

Siku hiyo haikungojwa. Zikiwa zimebaki siku kumi, msaliti alimwonyesha Dou Heng, mkuu wa wilaya, mahali ilipozikwa mitungi. Gao Zhen na waganga wenzake, wenye akili nyingi, walikuwa wamemwandikia adui majina ya watu wao, tena na makosa ya kuwashitaki! Askari walimkamata Lu akipalilia, wakatangaza kwamba angekatwa kichwa kesho yake adhuhuri kwa kumpiga mtoza kodi.

Sang alimwendea mganga kwa hasira.

"Mwalimu, ulisema ardhi hutunza siri!"

"Ardhi imetunza, binti yangu. Watu ndio waliofukua."

"Usinipe maneno matamu! Mimi nilimtaja ndugu yangu, na wewe ukaandika. Sasa unasemaje?"

"Tuingoje siku tuliyopatana," Gao Zhen alisema, machozi yakimtoka. "Ndiyo siku iliyochaguliwa na mbingu."

"Mbingu haikatwi kichwa kesho. Anayekatwa ni Lu."

Akajifunga kitambaa cha manjano, akatoka akipiga sufuria kwa mwiko, akiwaita watu. Kila mmoja alijua kwamba jina lake nalo limo mtungini. Alfajiri watu mia sita, wenye mundu na majembe, walikuwa mbele ya boma la Dou Heng, na Gao Zhen akiwa miongoni mwao.

Walivunja lango kwa gogo la kinu. Lakini Dou Heng, aliposikia kelele, hakuingoja adhuhuri. Walimkuta Lu uani, mikono imefungwa, damu bado ina moto. Sang alimfungua kamba zile. Hakulia.

Dou Heng alikuwa ukumbini amevaa joho lake la hariri, mundu umempasua paja, damu ikimbubujika. Watu wakainua majembe. Gao Zhen akajitupa katikati.

"Anayeungama hutibiwa, hata akiwa adui! Tukiliacha hilo, sisi ni majambazi tu."

Watu walinung'unika. Sang akakitwaa kibakuli cha maji ya majivu ambacho mganga aliwatayarishia majeruhi.

"Basi aungame," alisema. "Naapa nitamnywesha kwa mkono wangu huu."

Na angemnywesha, kwa kuwa alikuwa ameapa mbele ya mganga, naye hakuwa mtu wa kuvunja kiapo. Gao Zhen alichovya brashi kwenye wino. Dou Heng akaanza kuungama.

"Nilipokuwa katika matanga ya mama yangu," alisema, "nilikula nyama kabla siku za mwiko hazijatimia."

"Na lingine?" Sang akauliza.

"Hakuna lingine."

"Na yule aliyelala uani?"

"Yule ni sheria," Dou Heng alijibu, akanyoosha mkono apewe kibakuli.

"Mwandikie, Mwalimu," Sang alisema. "Karatasi tatu, kama zetu."

Kisha akakiinamisha kibakuli, polepole, mpaka tone la mwisho likaanguka sakafuni. Maji yakimwagika hayazoleki. Gao Zhen aliweka brashi chini, na Dou Heng akafa pale pale akiidai dawa yake.

Vuli majeshi ya mfalme yalikuja, na wenye vitambaa vya manjano wakachinjwa kwa maelfu, Gao Zhen akiwamo. Mwandishi wa serikali aliandika mstari mmoja tu: majambazi walimuua ofisa asiye na kosa. Ndicho kilichohifadhiwa na historia, na laana imfikie mkono uliokiandika!

Sang alikimbilia milima ya magharibi. Kabla ya kuondoka alilibomoa jiko lake, akazifukua zile mbegu za mtama, akazifunga kiunoni. Huko alikokwenda walikuwapo waganga wengine, na aliugua mara nyingi, lakini kosa lile la mbegu hakuliungama tena.