Chaki Kwenye Kabati

Chumba cha mbele cha Mama Fundi kilikuwa karakana yake. Kulikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia na kioo kirefu cha wateja. Yeye alikata na kushona. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alitia vifungo na kukunja pindo. Waliishi pamoja miaka ishirini. Waligombea mkasi kila asubuhi na kupatana kabla ya chai.

Mwaka ule Mama Fundi alianza kuona ukungu. Wifi ndiye aliyemtungia uzi kwenye sindano. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, na lazima atolewe. Mama Fundi akalazwa siku mbili. Aliporudi na bandeji kutolewa, aliona vizuri kuliko miaka mitano iliyopita.

Kitu cha kwanza alichokiona ni herufi.

Ubavuni mwa kabati kulikuwa na M, imeandikwa kwa chaki nyeupe. Cherehani ya kwanza, M. Ya pili, D. Kitanda, D. Hata mlango wa chumba cha Wifi ulikuwa na M kubwa. M alikuwa mwanawe, aliyepachikwa jina la Meneja kwa kupenda kuamuru watu. D alikuwa Dada, binti yake. Herufi ya Wifi haikuwepo popote. Wifi mwenyewe alikuwa ameketi, mkoba wake wa turubai umefungwa miguuni.

"Walikuja ulipokuwa hospitali," Wifi alisema. "Wameniambia nyumba ni ya watoto, mimi mgeni. Afadhali niondoke kabla sijafukuzwa."

Hebu fikiria. Mtu yu hai, anakula, anashona, na tayari anagawanywa. Tena kwa chaki ya droo yake mwenyewe, na watoto wakidhani macho yake hayataiona. Fundi hachori chaki ila pale anapotaka kukata. Mama Fundi aliwaka hasira.

Saa hiyohiyo aliingia mteja, Mzee Muhuri. Alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu, na jina lile alilipata huko. Alileta suruali iongezwe kiuno, maana kitambi hakikustaafu. Alipoonyeshwa herufi, mzaha wote ulimtoka. Akamwambia Mama Fundi kwamba hasira yake ni ya haki, lakini akifa leo bila wosia, Wifi huenda asitambuliwe kuwa mrithi.

"Mtaa mzima unajua nataka akae hapa," Mama Fundi alisema.

"Hakimu hataamua kwa maneno ya mtaa, mama. Ataomba karatasi."

Mzee akaeleza polepole. Wosia huandikwa mtu akiwa na akili timamu, bila kulazimishwa. Hutaja mali na atakayepewa. Humtaja msimamizi wa kutekeleza. Mwenyewe hutia sahihi mbele ya mashahidi wawili, watu wazima, wote wakiwapo, nao hutia zao.

Mama Fundi hakungoja. Alichana kipande cha karatasi ya kuchorea mishono, akaandika kwamba Wifi akae katika nyumba ile mpaka mwisho wa maisha yake. Kisha akamwita. "Njoo utie sahihi. Wewe ndiye shahidi wangu wa kila kitu."

Wifi akashika kalamu. Mzee Muhuri akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Akitia sahihi, utakuwa umemfukuza wewe mwenyewe," alisema. "Anayepewa kitu kwenye wosia asiwe shahidi wake. Wala mumewe, wala mkewe. Sheria za mahali pengi humnyima fungu lake. Nilimwona binti mmoja akikosa shamba kwa sababu ya sahihi yake."

Inauma kwamba jambo dogo hivyo watu hawaambiwi. Wanaambiwa mahakamani, mwenye mali akiwa kaburini na hawezi kusahihisha.

Sheria hutofautiana, kwa hiyo kesho yake walikwenda ofisi ya msaada wa sheria. Wakili alimwomba Wifi asubiri nje, ili Mama Fundi aseme la moyoni bila kusukumwa na mtu. Akaomba pia barua ya daktari, asije mtu kudai kwamba bibi alikuwa amechanganyikiwa. Mashahidi walikuwa mwalimu na muuza magazeti wa mtaani kwao, wasiorithi hata kifungo. Msimamizi akawa Mzee Muhuri, na mwalimu akatajwa kushika nafasi yake iwapo Mzee atatangulia kufa. Wosia ukabaki ofisini, nakala ikaja nyumbani.

Jumapili Mama Fundi akawaita watoto.

"Hospitali wamenitoa mtoto wa jicho," alisema. "Sasa nawaona watoto wa tumbo."

Meneja akainamisha kichwa. Alisema walipanga tu, wasije wakagombana baadaye.

"Vyangu napanga mimi. Nyumba hii itakuwa yenu nyote wawili, sawasawa. Lakini Wifi ataishi humu maisha yake yote. Aliyenitungia uzi nilipokuwa sioni si mgeni."

Akawapa vitambaa vyenye maji. Dada alifuta huku akilia, akamwomba shangazi yake radhi. Meneja naye alifuta, na M ya mwisho aliyoifuta ilikuwa ya mlango wa Wifi. Alisugua mpaka rangi ikaanza kubanduka.

Jumatatu nguo za Wifi zilikuwa zimerudi kabatini. Mkoba mtupu ulikuwa mezani. Mama Fundi akachukua chaki, akauchora, akaukata vipande vya aproni mbili.

"Sasa nitasafiri na nini?" Wifi akauliza.

"Kwani unakwenda wapi?" Mama Fundi akasema, akitunga uzi mwenyewe. "Nirudishie mkasi wangu."