Ngoma Aliyoikata Shafik Bey

Mmeniganda tena na habari ya Shafik Bey, kana kwamba Kairo nzima hakuna marehemu mwingine wa kusengenya. Haya, nitaisema, lakini asinikatize mtu kuniuliza kama sinema ile ilikuwa nzuri. Haikuwa nzuri. Sinema zake zote zilikuwa moja: msichana maskini analia, kijana tajiri anaimba, harusi. Watu walijaa ukumbini kwa sababu ya feni.

Mambo yalianza kidogo tu. Asubuhi moja, katika studio yake kwenye barabara ya Piramidi, walikuwa wanapiga picha ya mapenzi: bwana, bibi, kochi, ua la karatasi. Khawaga Onik, Muarmenia aliyekuwa fundi wa sauti, akavua hedifoni akaangaza huku na huku.

"Nani anapiga dufu?"

"Hakuna dufu, Khawaga."

"Lipo. Liko mbali, chini ya maneno yao. Na huo ubani nani kachoma?"

Hakuna aliyechoma. Lakini ubani ulinuka, na nyuma ya ubani ikaja harufu ya damu ya kondoo, mbichi, kama ya asubuhi ya Idi. Wote walijua dufu lile lilikatizwa wapi.

Wiki moja kabla, Bey alitaka sinema yake iwe na zari, ngoma ya kupunga pepo. Bey ndiye aliyekuwa mwenye studio, mtayarishaji, mchagua hadithi, waimbaji, hata nyusi za waigizaji. Tarbushi limekaa upande, sigara ina ncha ya dhahabu, Kifaransa chake kinatosha kuagizia kahawa. Alimwambia kila mtu kwamba mama yake alikuwa bibi wa Kituruki. Mama yake alikuwa Zakiya, muuza figili wa Bulaq, Mungu amrehemu, mtu mara mia kuliko mwanawe. Naye Zakiya alikuwa kiti cha pepo. Kila Rajabu alichezewa zari, na aliyemshikia mshumaa ni huyo huyo mwanawe Shafi, makamasi yakimtiririka. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba Bey hakujua. Mle studioni hakuna aliyejua kuliko yeye.

Zari ya kuigiza haikumtosha. Akamwita Kudia Mabruka, fundi wa zari wa kweli, na wapigaji wake. Kudia akaja na masharti.

"Sikiliza, Bey. Pepo wakiitwa, wamekuja. Ngoma ikishaanza haikatwi mpaka waagwe. Kondoo achinjwe papo hapo, bi harusi wa zari, yule anayepandwa, apakwe damu, na nyama iliwe na wenye ngoma. Usitoke hata mfupa."

"Bila shaka, mama," akasema Bey, huku akimkonyeza mwongozaji wake.

Bi harusi alichaguliwa Nabawiya, mcheza ngoma wa safu ya nyuma, binti wa dobi mjane wa Sayyida Zeinab. Alichaguliwa kwa macho yake makubwa. Akavikwa nyeupe, akapakwa wanja, taa zikawashwa, madufu yakalia. Na Nabawiya hakuigiza. Kichwa kilianza kuzunguka taratibu, kisha kwa kasi, akaguna kama mwanamume anayenyanyua gunia. Bey alikuwa anarukaruka kwa furaha.

"Macho hayo! Sogezeni kamera, wapumbavu nyie!"

Alipopata macho aliyoyataka, akainua mkono juu. "Kata! Zimeni taa."

"Usikate!" Kudia alipiga kelele. "Pepo amepanda, hata jina hajataja!"

"Mama, filamu haiokotwi njiani. Kunyweni sharubati, mwende zenu."

Na kondoo? Kondoo alipakiwa kwenye gari la Bey akapelekwa kwake Zamalek, akapikwa fatta, nyama juu ya wali na mkate, kwa siki na thumu, wakalishwa waandishi wa magazeti waisifu sinema. Nyama ya pepo ikaliwa na wale, nao hata kusema bismillahi hawakusema.

Nabawiya alibebwa mpaka kwao. Hakupona. Mlango ukibamizwa, mabega yanaanza kutikisika. Akiwekewa chakula anakigeuzia uso, na sauti nzito, isiyo yake, inatoka kifuani mwake: "Nimealikwa, sijala." Alikwisha mwili, mama yake akawa anamgeuza kitandani kwa mkono mmoja. Kudia alimtazama akatikisa kichwa. Mwili ule haukuweza kubeba njaa ile. Aliyeita ngoma ndiye aimalize, tena kwa mwili wake, la sivyo waandae sanda.

Mama akaenda ofisini kwa Bey, mikono bado ina sabuni.

"Bey, mwanangu anakufa. Njoo ukae kwenye ngoma, jioni moja tu."

"Mimi? Nivae kanzu ya kike nirukeruke mbele ya watu? Mpeleke kwa daktari."

"Daktari kampa vitamini."

"Basi ale vitamini."

"Hali kitu, Bey!"

"Sasa mimi nimekuwa mpishi?"

Huyo ndiye mtu mliyeniomba habari zake.

Mama alipotoka, Onik akaingia, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Bey, lile dufu sasa lina maneno."

"Yakate."

"Nimeyakata. Yakahamia mkanda mwingine. Yanataja jina la mwanamke."

"Jina gani?"

"Zakiya."

Sigara ya ncha ya dhahabu ikaanguka zuliani, ikatoboa tundu. Bey hakuiokota. Lakini sinema hakuiahirisha.

Usiku wa kuonyeshwa, mtaa wa Imad al-Din ulijaa magari. Mapasha walikuja na wake zao, na wale wala fatta walikaa safu ya mbele. Zari ikafika. Macho ya Nabawiya yakajaa skrini nzima, watu wakashusha pumzi, picha ikafika pale ilipokatwa, skrini ikawa nyeupe. Dufu halikukoma. Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni ufundi mpya wa Bey, mmoja akapiga makofi, kisha makofi yakamfia mikononi, maana ubani ulikuwa unashuka kutoka juu kama ukungu, na nyuma yake ile harufu ya damu, na weupe wa skrini ukaanza kuiva taratibu, ukawa kama maziwa yaliyotonewa damu, kisha kama nyama, na kutoka mle kwenye vipaza sauti, bila haraka, kama mgeni aliyeketi barazani siku nyingi akimngoja mwenye nyumba, sauti ikasema:

"Shafi, mwana wa Zakiya."

Kairo mwanamume ni afadhali avuliwe suruali sokoni kuliko kutajiwa jina la mama yake hadharani.

"Shafi, mwana wa Zakiya muuza figili. Uliniita, sikula. Nyama yangu nasikia iliishia mezani kwako. Huyu binti amebaki mifupa, sina pa kukaa. Wewe umenona."

"Kata!" Bey alipiga ukelele akiangalia juu kwenye chumba cha mashine. "Kata, mwana haramu wewe! Kata!"

Kijidirisha kikafunguliwa. Mwendesha mashine akatoa kichwa, uso kama chokaa, mkanda wote umemning'inia mikononi. "Bey, wallahi, mashine nimeizima zamani."

Hapo tarbushi likaanguka. Kichwa cha Bey kikaanza kuzunguka taratibu, kisha kwa kasi, na akaguna, mbele ya mapasha, kama mwanamume anayenyanyua gunia.

Kesho yake asubuhi walimpeleka Bulaq kwa Kudia, kichochoro kile kile alichouzia figili mama yake. Wanawake walimvika kanzu nyeupe ya kike, wakampaka wanja, wakamvalisha shanga. Alipandishwa juu ya kondoo akazungushwa, kondoo akachinjwa, damu akapakwa kipajini. Waandishi wale wale walioshiba fatta yake walikuwa mlangoni wanaandika aibu yake. Fatta huwa haidumu tumboni. Nyama ikaliwa humo humo, hata mfupa haukutoka. Na kule Sayyida Zeinab, Nabawiya akafumbua macho, akaomba ful, maharage ya kuchemsha, na kitunguu.

Lakini Sultani, ndivyo alivyojitaja huyo pepo, hakushuka. Alisema kiti hiki kinamfaa, ni kipana. Kila Rajabu achezewe, na kabla ya ngoma mwenye kiti atangaze jina la mama yake na kazi yake, kwa sauti. Sinema ndiyo basi tena: ubao wa kuanzia picha ukigongwa, mabega ya Bey yanaanza, waigizaji wanakimbia.

Rajabu ya kwanza alicheza tangu adhuhuri. Magharibi ikapita, wanja umemchuruzika mpaka kidevuni. Akainua ule mkono wake wa kukatia, akamwambia Kudia, "Basi, mama. Nakuomba, basi."

Kudia hakuinua hata macho kwenye dufu lake.

"Basi haiko kwako tena, mwana wa Zakiya. Cheza."