Kipande Kisicho na Mlima

Asubuhi ya Siku ya Wafu nilikuwa naanika nepi za binti yangu Nunzia, shemeji yangu Procolo akaingia uani na kipande cha zege mkononi. Alikuwa mpiga mbizi. Dokta Loreta, mtaalamu wa mawe, alikuwa akimtuma kukata vipande kwenye kuta za Warumi zilizozama baharini hapa kwetu Baia, kisha akivitazama kwa hadubini ajue majivu waliyochanganya na chokaa yalitoka mlima gani wa volkano.

“Hiki kimemshinda Dokta,” Procolo alisema. “Si Vesuvio, si Ischia, si hapa. Hakina mlima.”

“Kama wewe usivyo na mke,” mama mkwe akamrushia.

Procolo alicheka. Akampa Nunzia kidole chake cha kati, kile kilichokatwa ncha na mashine, akitafune, maana alikuwa anaota meno. Ndivyo alivyokuwa.

Kipande kilikuwa na tundu dogo. Kidole cha mtoto tu ndicho kingeingia.

Kila mwaka siku hiyo mama mkwe huwawekea marehemu maji mezani. Safari hii aliweka glasi kando ya kipande kile.

“Mama, majivu haya yakipata maji yanashika na kuwa jiwe,” Procolo alimtania.

“Waache wanywe, maskini. Wana kiu.”

Adhuhuri glasi ilikuwa tupu. Kipande kimelowa. Tundu limeziba.

Nunzia akaanza kulia. Nilimpa ziwa, akanyonya, akanyonya, midomo ikabaki mikavu. Nikaifuta. Kidole changu kikatoka na vumbi la kijivu. Nikamshika mkono. Vidole vyake havikukunjika. Vilikuwa baridi. Vigumu.

“Kuna mtoto ndani ya kipande hiki, tumemtoa kwake,” mama mkwe alinong'ona.

“Shemeji,” nilisema, “kirudishe. Nakuomba.”

Procolo alivua koti lake, akamfunika Nunzia, akachukua kipande, akaenda.

Saa tisa alasiri Nunzia alikunja ngumi, akapiga chafya, akalala. Nililia kwa furaha, nikaweka supu ya Procolo jikoni isipoe.

Hakurudi.

Wenzake walizamia siku tatu. Walipata mahali alipokuwa amekata. Pamezibwa. Zege limeshika, gumu kama ukuta wote, na juu yake pana alama ya kiganja cha mtu mzima. Kidole cha kati hakina ncha.

Dokta Loreta alimega punje ya hapo akaitazama. Alikuja mwenyewe kutuambia, akakaa na mama mkwe hadi jioni akimshika mikono. Ile punje nayo haikuwa na mlima.

Sasa Nunzia ana miaka minne. Kila Siku ya Wafu mama mkwe huweka glasi mbili, moja kubwa, moja ndogo, kila moja upande wake wa meza. Adhuhuri ndogo huwa tupu. Kubwa huwa imesogezwa hadi ubavuni mwa ile ndogo, maji nusu.

Ukingoni mwa ile kubwa huwa kuna vumbi la kijivu, alama za midomo ya watu wawili. Mmoja ni mtoto.