Maranda ya Mwerezi

Walikutana wakigombania boksi la plastiki, na aliyewaona siku ile asingeamini kwamba mapenzi yangetoka pale. Duka la vyombo lilifurika watu, boksi kubwa lenye mfuniko wa vibanio lilibaki moja, na watu wawili walikuwa wamelishika, kila mmoja upande wake.

"Dada, mimi nimeliona kwanza," alisema mwanamume. Alikuwa kinyozi, shati jeupe limenyooshwa, ndevu zimechongwa kwa mstari.

"Kwa hiyo?" Mwanamke alikuwa seremala: ovaroli ya bluu, penseli sikioni, midomo imepakwa rangi nyekundu. "Mimi nataka kuwekea randa zangu. Wewe la nini?"

"La chatu wangu."

Mwanamke aliliachia kana kwamba limetoka motoni. Kinyozi akacheka. Seremala hakupenda kuchekwa, akamfuata mpaka mlangoni kumwambia hivyo, na hapo mlangoni wakapeana namba za simu wakiwa bado wamenuniana.

Wakapendana kwa ugomvi, maana hawakujua njia nyingine.

"Umekula, Seremala?" Kinyozi alimpigia simu mchana.

"Unauliza kama nani?"

"Kama mtu anayekupenda."

"Basi nimekula. Niache nifanye kazi."

Lakini ugomvi mmoja haukuwa wa utani. Chatu aliishi chumba cha nyuma cha saluni, ndani ya boksi lilelile. Kinyozi alilitoboa matundu ya hewa kwa msumari wa moto, akaweka mkeka wa umeme wa kutia joto chini ya upande mmoja na kutandika gazeti. Alishasema wazi kwamba akioa, chatu anahamia nao. Seremala naye alishasema haolewi nyumba yenye nyoka.

"Unampenda, halafu unamlaza kwenye gazeti?" Seremala alimchokoza akiwa mlangoni. Hakuwahi kuvuka kizingiti.

"Likichafuka nalitupa. We shughulika na mbao zako."

Maneno yale yalimuuma, na bado alimpenda. Akaamua kumzawadia kitu kikubwa kuliko maneno. Adhuhuri moja, Kinyozi akiwa na mteja, aliingia kwa mlango wa nyuma na mfuko wa maranda, mabaki membamba ya kuranda mbao, laini, ya mwerezi, mbao anayoipenda kuliko zote kwa harufu yake. Alimpakata yule chatu kwa taulo, uso ameugeuzia pembeni, akatoa gazeti, akamwaga maranda, akamrudisha na kufunga mfuniko. Akaondoka akijiona ameshaolewa.

Siku chache baadaye simu iliita.

"Umemfanya nini?" Sauti ya Kinyozi ilikuwa baridi. "Anahema mdomo wazi. Na tumbo limekwaruzwa lote. Ulimshika na nini, patasi?"

"Mpenzi, nilimtandikia vizuri..."

"Usiniite mpenzi. Ulitaka afe ili usikae naye. Sema."

Seremala angeweza kueleza. Kiburi kikamzuia. "Ndiyo, afe," alisema, akakata simu, akalia mpaka penseli ikaanguka kutoka sikioni.

Kaka yake, aliyechangia naye karakana, alikuwa akipasua mwerezi siku hiyo, kitambaa puani, akikohoa. "Mbao hii itatumaliza," alilalamika. "Mie naenda nje nivute hewa."

Seremala alisimama akimtazama kaka yake akitoka. Kaka alikuwa na mlango. Yule chatu alikuwa na mfuniko wenye vibanio.

Kesho yake aliingia saluni mbele ya wateja, boksi jipya mikononi, akavuka kizingiti cha nyuma bila kuomba ruhusa. Chatu alikuwa amerudishiwa gazeti lake, akihema kwa shida kidogo.

"Sikukuita," alisema Kinyozi.

"Sikuja kwako. Nimekuja kwa mgonjwa." Akamwinamia chatu. "Ni maranda. Harufu ile inabana kifua. Nilijua kwetu inatukohoza, sikufikiri. Kosa langu, na nimelisema, usinilazimishe kulirudia."

"Daktari wa wanyama alishaniambia. Na mikwaruzo je?"

Seremala alitumbukiza mkono ndani ya boksi la zamani na kupapasa matundu. Alipoutoa, kidole kilikuwa kinatoka damu.

"Nani alitoboa?"

"Mimi."

"Kutoka nje kwenda ndani. Kila tundu umeliachia meno ndani, naye tangu abanwe na harufu anajisugua humo kutwa akitafuta hewa." Akamsukumia boksi jipya kifuani. "Papasa hili."

Kinyozi alipapasa. Matundu yalitobolewa kutoka ndani, yakasuguliwa kwa msasa mpaka yakateleza. Chini palitandikwa karatasi nyeupe tupu, isiyo na harufu yoyote. Akapapasa na lile la zamani, aibu imemjaa.

"Nilisema ulitaka afe," alisema.

"Nimesikia."

"Nisamehe. Ulimshika na hali unamwogopa, kwa ajili yangu, na mimi..."

"Usinililie, wateja wako wanachungulia."

Walimhamisha chatu pamoja, Kinyozi kichwa, Seremala mkia.

"Nikija kwenu kuleta posa, mtanifukuza?" aliuliza Kinyozi.

"Mimi nitakufukuza. Kaka atakurudisha." Alibana mfuniko, akajipangusa damu kwenye shati jeupe la Kinyozi makusudi. "Na usishike msumari tena ndani ya nyumba yangu."

"Nyumba yako?"

"Yetu sisi watatu. Usinikasirishe."