Kifungu Kipya Katika Sheria ya Zamani

Odell Pettway hutengeneza viyoyozi. Huku Florida, jimbo la Marekani lenye joto kali, mwenye kazi hiyo halali njaa. Kila asubuhi hupakia vyombo kwenye gari lake jeupe lenye jina lake ubavuni. Jioni huliegesha mbele ya nyumba.

Siku moja mkewe, Darlene, alikuta barua mlangoni. Ilitoka kwa kamati ya wenye nyumba wa mtaa wao. Ilisema kwamba sheria za mtaa zilikuwa zimekwisha muda, na kamati inaomba jimbo liidhinishe zifufuliwe. Kifungu kimoja kilisema gari lenye maandishi ya biashara lisilale mtaani wala uani.

Alipomwonyesha mumewe, Odell alijikuna kichwa.

"Hiyo nimeshaisaini," akasema. "Kwenye karamu ya Bwana Brandt, yule mwenyekiti wa kamati. Alinipa kalamu huku nimeshika paja la kuku."

"Yaani umelifukuza gari lako kwa paja la kuku?"

Darlene alikasirika kwelikweli. Gari likilala mbali, vyombo vitaibwa, na kazi ndiyo imekufa. Lakini hakukaa kulia. Alikwenda na barua kwa jirani yao, Bi Ione Kessler, aliyefanya kazi miaka mingi katika ofisi ya kumbukumbu za ardhi ya kaunti.

Bi Ione alimweleza taratibu. Sheria kama hizo zisipohuishwa, hufa baada ya miaka thelathini. Wanaotaka kuzifufua waunde kamati ya watu watatu au zaidi. Kila mwenye nyumba apewe maandishi yote, na zaidi ya nusu yao wakubali kwa maandishi. Kisha jimbo huzikagua karatasi hizo kwa muda usiozidi siku sitini.

"Na zaidi ya nusu wameshasaini," Darlene akasema. "Basi tena?"

"Basi nini? Sheria iliyofufuliwa hairuhusiwi kuwa kali kuliko ile ya zamani. Hata watu wote wasaini. Twende tukaitafute ya zamani."

Waliipata kwenye kumbukumbu za kaunti, wakachukua nakala. Waliisoma mezani jikoni, mstari kwa mstari. Ilitaja uzio. Ilitaja kusafisha mtaro wa bwawa la maji ya mvua la mtaa. Gari lenye maandishi halikutajwa popote. Kifungu kile kilikuwa kimechomekwa.

Darlene aliiandikia ofisi ya jimbo, akaambatanisha nakala zote mbili. Bwana Brandt alipata habari akaja kumsihi aache, kwa ajili ya ujirani mwema. Alisema gari lile linaharibu sura ya mtaa.

"Kiyoyozi chako kilipozima Agosti, uliita gari gani?" Darlene akamuuliza. "Barua nimeshaituma."

Jimbo lilikataa ombi la kamati. Sababu ilikuwa kifungu kile kile.

Ikabidi kamati ianze upya. Bwana Brandt alipita tena nyumba kwa nyumba, safari hii na sheria za zamani peke yake. Kwa Darlene alifunua ukurasa wa mwisho, akanyoosha kalamu.

Darlene alichukua kurasa zote kumi na moja. Alikaa barazani, akasoma kila neno kwa kidole. Bwana Brandt alisimama juani. Darlene alipomaliza, alisaini, kwa sababu mtaro wa bwawa ni wa wote na sheria hizi zilikuwa za haki.

Kisha akamwita mumewe.

"Na wewe njoo usome," akasema. "Kwa sauti. Bwana Brandt atasubiri."